Haki za Binadamu Ugenini: Nani Hulipa Gharama?

Tarehe 10 Novemba 1995, viongozi wa nchi za Jumuiya ya Madola wakiwa wanaanza mkutano wao mjini Auckland, New Zealand, serikali ya kijeshi ya Nigeria ilimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa pamoja na wenzake wanane wa Ogoni, katika eneo ambalo wakazi wake walikuwa wakilalamikia uharibifu wa ardhi yao uliotokana na uchimbaji wa mafuta. Nelson Mandela, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili madarakani, alikuwa akiwasihi wenzake wasimkaripie Jenerali Sani Abacha hadharani, kwa kuamini kwamba mazungumzo ya faragha yangeokoa maisha ya wafungwa hao. Habari za kunyongwa zilimfikia kama kofi. Akabadili msimamo, Nigeria ikasimamishwa uanachama wa Jumuiya hiyo, kisha akaenda mbali zaidi na kutaka dunia isusie mafuta ya Nigeria. Hapo ndipo alipojikuta peke yake. Nchi za Magharibi zilizokuwa zikinunua mafuta hayo ziliendelea kuyanunua. Katika Afrika kwenyewe kulikuwa na manung'uniko kwamba Afrika Kusini imegeuka kipaza sauti cha wazungu, na wapo waliomkumbusha Mandela kwamba Nigeria ilichangia kwa ukarimu mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Kisa hicho kimebeba karibu mambo yote yanayogombaniwa kila taifa moja linapoamua kusemea haki za watu wa taifa jingine. Taifa lina mamlaka gani ya kuuliza habari za mfungwa asiye raia wake? Likiuliza, linong'one au lipaze sauti? Likipuuzwa, liishie hapo au lichukue hatua? Na hatua hiyo ikileta maumivu, yamwangukie nani? Mijadala mingi hukwama kwenye swali la kwanza, au huhamia kwenye swali la usafi, yaani huyo anayehubiri, kwake mwenyewe kukoje. Kwa maoni yangu swali la gharama ndilo linalotenganisha utetezi wa kweli na ule wa maneno matupu, ingawa ndilo linaloulizwa kwa nadra kuliko yote.

Sheria yenyewe haimalizi ubishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika ibara ya 2 kifungu cha 7, hauupi umoja huo ruhusa ya kuingilia mambo ambayo kimsingi ni ya ndani ya nchi. Ukisonga mbele hadi ibara ya 55 na ya 56, utakuta nchi wanachama zimeahidi kuchukua hatua, kwa pamoja na kila moja kivyake, ili haki za binadamu ziheshimiwe duniani kote bila ubaguzi wa rangi, jinsia, lugha wala dini. Vifungu hivyo viliachwa vikitazamana kama majirani wasiosalimiana. Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Desemba 1948, Baraza Kuu lilipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu kwa kura 48. Hakuna nchi iliyopinga, ila nchi 8 zilijizuia kupiga kura, zikiwemo Muungano wa Kisovieti, Saudi Arabia na Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na kiti ukumbini siku hiyo, kwa kuwa ilikuwa bado chini ya baadhi ya nchi zilizounyanyua mkono kwa furaha.

Jambo hilo la mwisho ndilo chimbuko la hoja nzito zaidi ya upande unaopinga. Wanaoshikilia mamlaka ya nchi hutuhumiwa kwamba wanawakingia kifua madikteta, na wengine kweli ndivyo wanavyofanya, lakini hoja yao imejengwa juu ya kumbukumbu halali. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ulioweka kanuni za kuigawana Afrika, ulikuwa na ibara ya 6 inayoyafunga mataifa yaliyotia saini kulinda makabila ya wenyeji, kuboresha hali yao ya kimaadili na kimaisha, na kusaidia kukomesha utumwa. Ukiisoma leo bila kuambiwa imetoka wapi, ungedhani imeandikwa na shirika la haki za binadamu. Chini ya mwavuli wa maneno hayohayo, Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliigeuza Kongo kuwa shamba lake binafsi la mpira, mahali ambapo mikono iliyokatwa ilihesabiwa kama ushahidi kwamba risasi hazikupotea bure. Dunia ililazimika kusubiri ripoti ya mwanadiplomasia wa Uingereza Roger Casement ya mwaka 1904, na kampeni ndefu iliyoongozwa na E. D. Morel, ndipo Ubelgiji ikaichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake mwaka 1908.

Zanzibar ni mfano wa karibu zaidi, na mgumu zaidi, kwa sababu huko ubinadamu na ubeberu vilifika katika meli moja. Mwaka 1873 Uingereza ilimtaka Sultani Barghash afunge masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Ujumbe wa kwanza, ulioongozwa na Sir Bartle Frere, uliondoka mikono mitupu. Balozi John Kirk alipomweleza Sultani kwamba manowari zingeuzingira mji wake, mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huohuo. Mahali palipokuwa soko la watumwa mjini humo kulianza kujengwa kanisa la Anglikana ambalo hadi leo wageni huonyeshwa altare yake na kuambiwa kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Miaka 17 baadaye Zanzibar ilikuwa himaya ya Waingereza, na mwaka 1896 manowari za Uingereza, sasa kwa ajili ya kuchagua nani awe Sultani, zililipiga mabomu jumba la kifalme kwa muda usiotimia saa moja. Ndani ya himaya hiyo, utumwa wa mashambani uliendelea kutambuliwa kisheria hadi mwaka 1897, kwa kuwa karafuu zilihitaji wachumaji na wakubwa hawakuwa na haraka. Na sheria ya kuufuta ilipokuja, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia akapewa bwana.

Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Hata hivyo nasita kuifunga hesabu hapo. Aliyekuwa akisubiri kupakiwa jahazini Julai 1873, na jahazi lisiondoke, hakuhitaji kujua Kirk alikuwa na nia gani ya mbali. Anayesema kwamba kitendo chema kilichofanywa kwa nia chafu hakina thamani, mara nyingi anazungumza akiwa amekaa mahali salama. Historia hiyo inatufundisha jambo jingine kuhusu nia: ndiyo inayoamua mteteaji ataishia wapi. Uingereza ilikuwa na juhudi kubwa baharini, ambako biashara ya watumwa haikuwa na faida tena kwake, na ikalegea mashambani, ambako kukomesha utumwa kungeigharimu. Vivyo hivyo bungeni London mwaka 1833: utumwa ulipofutwa katika makoloni mengi, hazina ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, na watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Deni lililotokana na malipo hayo lilikamilika kulipwa mwaka 2015.

Katika zama zetu, mfano wanaoutaja wapinzani kwanza ni Libya. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 1973 kwa kura 10, nchi 5 zikijizuia, likiruhusu hatua zote zinazohitajika kuwalinda raia. Hofu ya wakati ule haikuwa ya kubuni. Muammar Gaddafi alikuwa ametishia kuwasaka waasi nyumba kwa nyumba, na majeshi yake yalikuwa yakielekea Benghazi. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon ziliunga mkono azimio hilo. Umoja wa Afrika nao ulikuwa umeunda kamati ya marais iliyopanga kwenda Tripoli tarehe 20 Machi kutafuta suluhu, lakini mabomu yalianza tarehe 19 na kamati ikanyimwa ruhusa ya kuruka. Kazi ya kulinda raia iligeuka kuwa kazi ya kuiondoa serikali, Gaddafi akauawa Oktoba, na waliotoa ndege hawakuwa na mpango wa kubaki kujenga walichobomoa. Mwaka 2017 dunia ilionyeshwa picha za wahamiaji wa Kiafrika wakinadiwa nchini humo. Soko la watu, katika nchi iliyopigwa mabomu kwa jina la haki za binadamu.

Gharama ya Libya haikuishia Libya. Urusi na China, zilizojizuia kupiga kura mwaka 2011, zilitumia kura ya turufu mara kwa mara kuzuia maazimio kuhusu Syria, zikitoa Libya kama ushahidi wa jinsi lugha ya ulinzi inavyoweza kutumiwa. Sidhani kwamba zilisukumwa na huruma kwa Walibya; zilikuwa na rafiki wa kumlinda huko Damascus. Lakini zilipewa sababu nzuri, na waliowapa ni walewale waliokuwa wakizilaumu.

Basi mtu anaweza kudhani kwamba kukaa kimya ni salama zaidi. Yaliyotokea Rwanda Aprili 1994 yanakataa dhana hiyo. Wauaji wa Rwanda walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao wiki mbili kabla, Ubelgiji imeondoa askari wake baada ya kumi kuuawa, na Marekani ilikuwa bado na kidonda cha Mogadishu, ambako askari wake 18 walikufa Oktoba 1993. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi cha kulinda amani hadi kubaki watu wapatao 270. Mezani pale, kama mjumbe asiye wa kudumu mwenye haki kamili za kikao, aliketi mwakilishi wa serikali ileile iliyokuwa ikisimamia mauaji. Heshima kwa mamlaka ya nchi haijawahi kufikia kiwango cha juu kuliko hicho.

Juni 10, wakati mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuuawa, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alikuwa bado anawaambia waandishi wa habari kwamba kumetokea "vitendo vya mauaji ya kimbari", akilikwepa neno mauaji ya kimbari likisimama peke yake. Mwandishi mmoja akamuuliza ni vitendo vingapi vya mauaji ya kimbari vinavyohitajika ili yawe mauaji ya kimbari. Akajibu kwamba hilo si swali ambalo yuko katika nafasi ya kulijibu. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu: kuliita jambo kwa jina lake kungeibua swali la wajibu chini ya Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari wa mwaka 1948, na wajibu una gharama. Kwa hiyo nikisikia leo serikali ikisifiwa kwa kutoingilia mambo ya wengine, huwa najiuliza kama ni heshima au ni kubana matumizi.

Turudi kwenye usafi wa mteteaji, kwa kuwa ndiyo silaha inayotumiwa kila siku. Nyani haoni kundule. Marekani huchapisha kila mwaka ripoti za hali ya haki za binadamu katika nchi nyingine, huku kambi ya Guantánamo ikiendelea kushikilia watu tangu Januari 2002, wengine bila kufikishwa mahakamani. Haijaridhia mkataba wa haki za mtoto, na mwaka 2020 iliwawekea vikwazo maofisa wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, akiwemo mwendesha mashtaka Fatou Bensouda, kwa sababu uchunguzi wa Afghanistan uliwagusa watu wake. China nayo hutoa ripoti yake ya kujibu, kuhusu haki za binadamu nchini Marekani. Kila moja ina mengi ya kweli kuhusu mwenzake.

Ingekuwa usafi ndilo sharti, hata hivyo, basi mmoja wa watetezi wakubwa wa uhuru wa wengine barani Afrika asingefungua kinywa. Tanganyika, kisha Tanzania, iliwapa makao wapigania uhuru wa kusini mwa bara, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikawa na makao yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia (leo Zimbabwe), wakiongozwa na Ian Smith, walipojitangazia uhuru ili wazungu wachache waendelee kutawala, mawaziri wa umoja huo waliazimia kuvunja uhusiano na Uingereza iwapo isingeukomesha uasi ule. Siku ilipofika, Desemba 15, nchi chache tu zilitimiza azimio hilo. Tanzania ilikuwa mojawapo, na ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 iliokuwa ikiutegemea kwa maendeleo yake. Mwaka 1968 iliitambua Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria, ikihesabu kwamba umoja wa nchi hauwezi kuwa na thamani kuliko uhai wa watu wake, na ikaziudhi serikali nyingi za Afrika. Mwaka 1979, baada ya Idi Amin kuivamia Kagera, majeshi ya Tanzania hayakuishia mpakani. Yalisonga hadi Kampala. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia mwaka huo, Nigeria na Sudan ziliilaumu Tanzania kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani.

Wakati wote huo, nyumbani, Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 iliiruhusu serikali hiyohiyo kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Sura ya haki za binadamu haikuingia katika katiba hadi mwaka 1984. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu. Aliyekuwa kizuizini mwaka 1968 angeweza kuuliza, na kwa haki kabisa, kwa nini Rais wake, Julius Nyerere, alihuzunishwa na mateso ya Waigbo. Hilo ni doa la kweli, wala halifutwi na mema ya nje. Lakini halimfanyi Mwafrika wa Rhodesia kuwa huru kabla ya wakati wake, wala halimpi Ian Smith uhalali. Kasoro za mteteaji zinamdai yeye mwenyewe, kwa watu wake. Mtesaji wa upande wa pili hana risiti ya kudai chochote kutokana nazo. Nikipima kesi ya Rhodesia kwa kipimo cha usafi, Tanzania inaanguka. Nikiipima kwa gharama, inasimama, kwa sababu pauni milioni 7.5 zilitoka mfukoni mwa nchi maskini na wala hazikutoka mfukoni mwa wale iliyodai kuwatetea.

Uganda inaleta shaka zaidi. Amin aliondoka, jambo ambalo Waganda wengi walilipokea kwa shangwe, na vita vikaudhoofisha uchumi wa Tanzania kwa miaka. Ila serikali ya Obote iliyorudi mwishoni mwa mwaka 1980 ilikuwa na ukatili wake, na eneo la Luwero, kaskazini mwa Kampala, likajaa mafuvu. Anayemwondoa mbaya hana hakika ya atakayefuata, na gharama ya kosa hilo hulipwa na wenye nchi.

Swali la gharama huonekana waziwazi zaidi pale linapokuja suala la vikwazo vya uchumi. Kuna kesi mbili ambazo huwekwa kapu moja na hazistahili. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Rais Reagan akaikataa, na Bunge likaipitisha tena juu ya kichwa chake, Seneti kwa kura 78 dhidi ya 21. Waliopinga walikuwa na hoja isiyopuuzika, kwamba wafanyakazi weusi ndio wangekuwa wa kwanza kupoteza ajira. Hata Helen Suzman, mbunge aliyepambana na ubaguzi ndani ya bunge la wazungu kwa miongo, aliamini hivyo. Ila waathiriwa wenyewe walikuwa wamekwisha kulijibu swali hilo. Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ukombozi cha ANC, alikiri tangu mwaka 1959 kwamba kususiwa kwa uchumi kungewaumiza Waafrika, akasema hiyo ni gharama waliyokuwa tayari kuilipa. Askofu Desmond Tutu alirudia jambo hilo kwa mataifa yote yaliyomsikiliza.

Irak ni kinyume chake. Vikwazo vilivyowekwa Agosti 1990 baada ya kuvamiwa Kuwait vilidumu hadi mwaka 2003, na mpango wa kubadilisha mafuta kwa chakula ulianza kufanya kazi mwishoni mwa mwaka 1996 tu. Takwimu za vifo vya watoto zilizosambazwa wakati ule zilikuja kuonekana baadaye kwamba zilichezewa na serikali ya Saddam Hussein, kwa hiyo sizitumii. Hata bila hizo, mishahara iliyeyuka, hospitali zikakosa dawa, na Denis Halliday, aliyekuwa akiratibu misaada ya Umoja wa Mataifa nchini humo, alijiuzulu mwaka 1998 akiviita vikwazo hivyo uharibifu wa jamii nzima. Aliyemfuata, Hans von Sponeck, naye akajiuzulu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika kesi hii tembo mmoja hakupungua hata uzito. Hakuna Luthuli wa Irak aliyeulizwa. Mwenye kukubali kuumia kwa ajili ya uhuru wake ana haki hiyo. Kumkubalia mtu mwingine aumie kwa niaba yake ni jambo lenye sura nyingine kabisa.

Kuhusu kunong'ona na kupaza sauti, nitasema kidogo, kwa sababu ushahidi haukubali kanuni moja. Mnong'ono wa Mandela haukumwokoa Saro-Wiwa. Ila kelele nazo zina madhara: mwanaharakati anayesifiwa na balozi wa kigeni asubuhi huitwa kibaraka kwenye taarifa ya habari ya jioni. Fedha huongeza ugumu. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID, makundi mengi ya haki duniani yaliyoishi kwa ruzuku hiyo yalijikuta bila mishahara, na watawala waliokuwa wakidai kwamba makundi hayo ni miradi ya kigeni wakapata la kusema. Njia iliyoleta matunda makubwa kuliko ilivyotarajiwa ilikuwa ya tatu, ya kuwapa watu maandishi ya kushika mkononi. Agosti 1975 nchi 35 zilitia saini makubaliano ya Helsinki. Moscow ilitaka mipaka ya Ulaya ya baada ya vita itambuliwe, na kwa kuipata ikakubali vifungu vya haki za binadamu ambavyo haikukusudia kuvifuata. Ikayachapisha makubaliano hayo kwenye magazeti yake. Mei 1976 mwanafizikia Yuri Orlov na wenzake waliunda kikundi mjini Moscow cha kufuatilia kama serikali yao inatimiza ilichokitia saini. Orlov alifungwa kwa hilo. Lakini hakuweza kuambiwa kwamba anasoma karatasi ya adui, kwa kuwa saini iliyokuwa chini ni ya kiongozi wa Kisovieti mwenyewe, Leonid Brezhnev.

Kuna eneo moja ambalo hoja ya mamlaka ya nchi hailifikii kabisa, na linashangaza jinsi linavyosahaulika: mambo ambayo taifa linafanya kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya mipaka yake mwenyewe. Nchi zilizomlaani Abacha mwaka 1995 ziliendelea kununua mafuta yake, na benki za Ulaya zilikuwa zikitunza fedha alizozipora. Tangu alipokufa mwaka 1998, Uswisi peke yake imeirudishia Nigeria zaidi ya dola bilioni moja. Kuzifunga akaunti hizo akiwa hai kusingehitaji manowari, wala azimio, wala kumwingilia mtu. Ndivyo ilivyo na silaha. Juni 2019 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba serikali ilivunja sheria kwa kutoa leseni za kuuza silaha kwa Saudi Arabia bila kupima kama mashambulizi yaliyokwisha kufanywa Yemen yalikiuka sheria za vita. Mwaka uliofuata serikali ilipima, ikaona kwamba makosa yaliyotokea ni matukio ya pekee, ikaendelea kuuza. Utetezi wa aina hii hauna msisimko wa hotuba, na gharama yake haina pa kujificha: kiwanda fulani kitapoteza zabuni, benki fulani itapoteza mteja. Labda ndiyo maana huachwa hadi mwisho.

Afrika Kusini, baada ya kudhalilishwa mwaka 1995, ilijifunza tahadhari hadi ikapitiliza. Januari 2007, ikiwa mjumbe mpya wa Baraza la Usalama, ilipiga kura kupinga azimio kuhusu ukandamizaji nchini Myanmar, ikieleza kwamba suala hilo lilistahili kushughulikiwa na Baraza la Haki za Binadamu. Wengi waliokumbuka jinsi dunia ilivyoshughulikia ubaguzi wa rangi ndani ya baraza hilohilo la usalama hawakuamini macho yao. Desemba 2023 ilienda The Hague kuishtaki Israel chini ya Mkataba wa Mauaji ya Kimbari kwa yaliyokuwa yakitendeka Gaza, na Januari 26, 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa amri za muda. Waliopinga waliuliza Myanmar ilisahaulikaje. Ni swali la haki, na kwa bahati lilikuwa na jibu la mtu mwingine: Gambia, nchi ndogo iliyokuwa imetoka tu kwenye mkono wa Yahya Jammeh, ilikuwa imeishtaki Myanmar katika mahakama hiyohiyo Novemba 2019.

Kati ya kura ile ya 2007 na kesi ya 2023 kuna siku moja ambayo inaeleza zaidi ya zote mbili. Juni 2015 Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akitakiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu kwa mauaji ya Darfur, alifika Johannesburg kwa mkutano wa Umoja wa Afrika. Asasi ya kiraia ya Afrika Kusini yenyewe ilikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria, na mahakama ikaamuru asiondoke hadi shauri lisikilizwe. Juni 15, wakati wakili wa serikali akiwahakikishia majaji kwamba mgeni huyo bado yuko nchini, ndege yake ilipaa kutoka kambi ya jeshi ya Waterkloof. Machi 2016 Mahakama ya Juu ya Rufaa iliamua kwamba serikali ilikiuka sheria za nchi yake yenyewe. Bashir alitawala miaka mingine mitatu baada ya hukumu hiyo, mpaka Aprili 2019, jeshi lilipomwondoa baada ya Wasudani kuandamana kwa miezi, wengine wakiuawa mitaani.